Bakuli la Pili la Povu

Haugvik, Minnesota
12 Mei 1970

Shangazi Thelma mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na kwamba shamba limekauka kiasi cha kupandwa. Mama ameniandikia kwamba Baba amekwisha kupanda ngano na sasa anakaa dirishani akiitazama, kana kwamba itaota kwa kuogopa macho yake. Mimi ni mzima. Chumba changu kwa Bi Hulda Moen ni kidogo lakini safi, naye amenipa rafu moja ya friji yake, ile ya chini.

Kazini bado nina hofu. Ofisi ya karani wa mahakama ina watu watatu: Bwana Tveit ambaye ndiye mkuu wetu, mzee Einar wa chumba cha majalada ambaye hasikii vizuri, na mimi. Bwana Tveit hapazi sauti hata kidogo. Akiona kosa katika kazi niliyopiga chapa, huirudisha mezani kwangu na kuondoka bila neno, nami hubaki nikilitafuta kosa hilo huku masikio yanawaka moto. Mwisho wa Agosti ataamua kama nitathibitishwa au nitarudi nyumbani.

Sasa nina ombi. Jumapili baada ya Siku ya Kuwakumbuka Askari, kanisa letu la hapa litakuwa na chakula cha pamoja kwenye ukumbi wa chini, kila nyumba ilete chake. Nimemuuliza Bi Hulda nilete nini.

"Ah, chochote tu," alisema.

"Kitu kitamu?"

"Kitamu ni kizuri."

"Shangazi yangu ana povu la matunda ambalo watu hulisifu sana."

Alikuwa anakausha sahani. Akaikausha tena, ile ile. "Hilo nalo ni chakula," akasema.

Kwa hiyo naomba uniandikie lile povu lako, hatua kwa hatua, maana nikiwa mtoto nililila tu, sikulitazama likitengenezwa. Bi Tveit, mke wa mkuu wangu, ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa. Nataka aone kwamba nimelelewa vizuri.

Mwanao,
Lorna

*

Sletten, Dakota ya Kaskazini
18 Mei 1970

Lorna mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Binamu yako Verlyn amepata mtoto wa kike na wamempa jina ambalo siwezi kulitamka, kwa hiyo mimi namwita Kibonge.

Povu. Chukua maji ya kopo la nanasi, uyapike polepole na viini vya mayai na sukari mpaka yaushike mgongo wa kijiko. Usiyaache yachemke, utapata mayai ya kukoroga. Tia jelatini iliyolowekwa, uache vipoe kabisa. Nasema kabisa, siyo vuguvugu. Piga malai mpaka isimame, uchanganye kwa mkono mwepesi. Kisha nanasi, machungwa madogo ya kopo, na zile peremende laini nyeupe zinazobonyea kama mto. Nanasi liwe la kopo. Ukitia bichi halitaganda hata uliimbie nyimbo zote za kitabuni. Cheri ziwekwe juu mwishoni, zisije zikalichafua kwa wekundu.

Lilale kwenye friji usiku kucha. Ukilibeba, liweke ndani ya beseni la barafu na taulo juu. Chakula chenye malai na mayai hakitaki mchezo na jua.

Tumia lile bakuli langu la kioo ulilokwenda nalo, na uniambie walivyosema.

Shangazi yako,
Thelma

*

Haugvik
6 Juni 1970

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa Kibonge. Samahani nimechelewa. Wiki hii mji mzima umevurugika.

Povu liliganda vizuri, sawasawa na ulivyosema. Nililibeba kwenye beseni la barafu. Bakuli lako lilirudi nyumbani tupu, nimelikausha na kulifunga kwa magazeti lisipasuke.

Lakini usiku ule ule watu walianza kutapika na kuharisha. Karibu nusu ya ukumbi. Mzee Selmer Dahl, ambaye hupiga kengele ya kanisa, amelazwa hospitali na wanasema figo zake hazifanyi kazi vizuri. Bi Ness, muuguzi wa afya wa wilaya, anapita nyumba kwa nyumba akiuliza kila mtu alikula nini. Jana alikuja kwa Bi Hulda. Aliuliza habari za povu.

Mimi sikuugua. Nakuandikia hayo usije ukasikia kwa watu wengine.

Mungu akulinde,
Lorna

*

Sletten
27 Juni 1970

Lorna,

Hatujambo. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mvua ya mawe imepita kwa jirani ikatuacha sisi, nasi tunajifanya tunasikitika.

Sikujibu upesi kwa sababu kila nilipoketi kuandika, niliinuka. Nataka uniambie mambo matatu na usizunguke. Viini ulivipika mpaka vikashika kijiko, au ulivitoa mapema? Mchanganyiko ulipoa kabisa kabla hujatia malai? Na je, wangapi walikula?

Huyo mzee ametoka hospitali?

Thelma

*

Haugvik
9 Julai 1970

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi ngano imesalimika. Mzee Selmer yu hai, lakini bado amelala kitandani, na kengele sasa inapigwa na mkwewe, vibaya.

Viini nilivipika hadi vikashika kijiko. Mchanganyiko niliuacha ukapoa hadi Bi Hulda akalalamika kwamba meza yake imegeuzwa kliniki. Naapa.

Ngoja nikueleze jinsi mambo yalivyo. Siku ile mezani kulikuwa na mabakuli mawili ya povu: langu na la Bi Tveit. Sikujua. Yeye hulileta kila mara, tangu kabla sijazaliwa, na hapa ukisema "povu" watu husikia "Inez Tveit". Hakuna aliyeniambia. Nilipomuuliza Bi Hulda baadaye, alisema, "Sikutaka kukuvunja moyo."

Muuguzi amegundua kwamba wote walioumwa walikula povu. Anapowauliza lipi, kila mtu anajibu jibu lile lile: "Nilichukua kidogo cha kila kitu." Ndivyo watu wa hapa wanavyosema, hata aliyekula viazi peke yake atasema hivyo, ili mpishi yeyote asijisikie vibaya. Basi muuguzi anapiga hesabu yake: la Bi Tveit limeliwa miaka yote na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo, na langu ni la msichana mgeni anayetumia rafu ya chini ya friji ya mtu mwingine.

Jumatatu Bwana Tveit aliniita. Alifunga mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Bibi Brekke," alisema, "watu wanaokuja kwenye kaunta yetu wanahitaji kumwamini aliye nyuma yake."

"Ndiyo, bwana."

"Sisemi lolote zaidi."

"Hapana, bwana."

"Agosti si mbali."

Nilirudi kwenye mashine yangu nikapiga neno "mshtakiwa" mara mbili pale lilipotakiwa mara moja. Wanawake wakija kulipia vyeti, wanamsubiri Einar, ambaye hawasikii, kuliko kuhudumiwa na mimi.

Niombee.
Lorna

*

Sletten
20 Julai 1970

Lorna mwanangu,

Hatujambo wote. Kibonge ana jino.

Hukunijibu swali la tatu, nami naelewa kwa nini. Bakuli lilirudi tupu. Kama lilirudi tupu, basi walikula wengi.

Nimewaza sana. Wewe umefuata maneno yangu. Yale mapishi niliyapata kwa mama yangu aliyetumia malai ya ng'ombe wake na barafu ya ziwani, mimi nikayapunguza hapa na kuyaongeza pale, nikadhani najua. Yawezekana hayakuwa salama siku zote, na sisi tulikuwa na bahati tu. Siwezi kukaa kimya wakati mtoto wa kaka yangu anafukuzwa kazi na mzee wa watu amelala hospitali.

Nimemwandikia Bi Tveit, nikatia posta leo. Nimemwambia kosa ni langu, kwamba nilikupa mapishi mabaya, na kwamba amwombe mumewe asikuadhibu wewe. Mchungaji wetu nimemwambia sitapikia tena chakula cha kanisa. Alicheka, akidhani natania. Bakuli langu likae huko, silitaki nyumbani.

Usiniandikie kunibembeleza.

Thelma

*

Haugvik
29 Julai 1970

Shangazi,

Nisamehe nikiruka salamu. Barua yako imenikuta leo mchana na siwezi kusubiri.

Hakuna mtu aliyekula povu letu. Hata mmoja. Bakuli lilirudi tupu kwa sababu mimi nililimwaga.

Sikuweza kukuandikia hivyo. Ulikuwa umesema nikuambie watakavyosema, na hawakusema kitu. Nilitenga bakuli mapema, cheri zote juu, kijiko kipya pembeni, na nilikuwa najivuna, Shangazi. Bi Tveit aliingia wakati Mchungaji anamalizia sala. Alikuwa amekosa ibada yote. Viatu vyake vilikuwa na udongo. Aliona bakuli langu, akalisogeza kidogo kwa upande wa mkono, akaweka lake pale lilipokuwa langu, na kusema, "Kumbe leo tuko wawili."

Basi. Nilimwona kila mtu kwenye foleni akifika pale. Mkono unakwenda, unasita, unachota la kushoto, lile lake. Bi Hulda alichota la Bi Tveit, akaniona namtazama, akasema, "Lako nitalirudia." Mchungaji alisema, "Ooh, linapendeza," akapita. Kijiko changu kilibaki kikavu. Mwishoni nilijipakulia sahani nzima nikaila nimesimama jikoni nyuma ya birika kubwa la kahawa, ili angalau awepo mmoja aliyelila. Ndiyo maana najua halikuwa na kasoro. Lililobaki nililimwaga kwenye majani nyuma ya kibanda cha zana.

Utasema: basi waambie! Lakini kuna jambo lingine.

Bi Tveit na mumewe walikuwa na mtoto mmoja, Dale. Aliuawa vitani Vietnam majira ya baridi yaliyopita. Asubuhi ile sote tulipokuwa tunaingia kanisani tuliliona gari lake limesimama makaburini, madirisha yamefungwa, na yeye amepiga magoti akipanda maua. Tulipotoka alikuwa bado yuko pale. Siku ile lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Povu lake lilikuwa ndani ya lile gari, kwenye kiti cha nyuma.

Kila mtu aliliona gari, Shangazi. Nadhani kila mtu anajua. Hawasemi, na mimi mwenyewe naona ni kwa nini hawasemi. Nani atakwenda kumwambia mama kwamba alipokuwa juu ya kaburi la mwanawe ndipo alipowaumiza watu? Ni rahisi zaidi kuwa mimi. Mimi sina aliyekufa hapa.

Sasa na wewe umekiri, na wote wamepumua. Jana kwenye duka la nyama Bi Hulda aliniambia, "Shangazi yako ni mwanamke muungwana sana," na akanishika mkono kwa mara ya kwanza.

Sijui nifanye nini. Siwezi kumtaja yule mama. Na siwezi kukuacha wewe hivyo.

Lorna

*

Sletten
4 Agosti 1970

Lorna,

Hata kijiko kimoja?

Nimeisoma mara nyingi na kila nikifika pale pa Mchungaji nasimama. "Linapendeza"! Hebu atazame ukuta wa kanisa lake, nao unapendeza.

Hapa kwetu pia povu lina mwenyewe, na ni mimi. Haikunijia kukuonya, maana kwangu mimi swali hilo halijawahi kuwapo. Hilo ndilo kosa langu na si mayai.

Nisikilize sasa. Usitetemeke mpaka ukaharibu karatasi za watu. Nenda kwa muuguzi umwambie habari za bakuli lako tu. Lilikaa wapi, nani alikula, lilikwenda wapi. Habari za gari huzijui, hukuwamo ndani yake. Akikuuliza, mwambie akaulize wenye gari. Na mumewe akiwapo, yaseme hayo hayo mbele yake.

Nimemwandikia tena Bi Tveit. Mstari mmoja: nafuta niliyoyasema, mapishi yangu ni mazuri.

Thelma

*

Haugvik
22 Agosti 1970

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mavuno yanakwenda na goti linavumilia. Mzee Selmer ametoka hospitali, amekonda mno, na amesema kengele asiguse mtu.

Sikwenda mara moja. Nilipanda ngazi za ofisi ya Bi Ness mara kadhaa nikashuka. Mwishowe alikuja mwenyewe. Ijumaa huwa anapita ofisini kwetu kunywa kahawa, na jana alikuja akasema yuko karibu kulifunga lile jambo la ukumbi wa kanisa. Alinitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonifungua kinywa.

"Bi Ness," nilisema, "povu langu halikuliwa na mtu."

Bwana Tveit alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama.

"Halikuliwa vipi?"

"Hakuna aliyechota. Nilikula mimi peke yangu, sikuumwa. Lililobaki nilimwaga."

"Mbona hukuniambia Juni?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini, mtoto?"

"Ya kwamba hawakulitaka."

Aliweka kikombe chini. "Lakini wote wameniambia walichukua kidogo cha kila kitu."

"Ndivyo tunavyosema," alisema Einar kutoka chumba cha majalada. Sote tuligeuka. Sikujua kama huwa anasikia chochote.

"Na wewe, Einar? Ulichukua lipi?"

"Mimi nilikula nyama ya nguruwe. Vitu vitamu vinaniuma jino."

"Gladys," Bwana Tveit alimwambia Bi Ness, "jambo hili lilikwisha. Kuna barua kutoka Dakota."

"Kuna mbili," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Bi Tveit, na kopo la chakula cha mumewe mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Bwana Tveit aliinuka. "Inez, nenda nyumbani. Nitakuja."

"Umekwenda kila nyumba, Gladys," alisema yeye, kama hakumsikia. "Kwangu hukuja."

Bi Ness aliona haya. "Sikutaka kukusumbua, Inez. Mwaka kama huu."

"Hakuna anayetaka kunisumbua. Wananiletea mikate na kuondoka mbio." Aliliweka kopo juu ya kaunta, mbele yangu kabisa. "Bakuli la huyu msichana lilitoka kama lilivyoingia. Nina hakika, maana nililitazama tangu sala mpaka vyombo vilipooshwa. Sikuliondolea macho. Kila aliyepita bila kuchota, nilimhesabia wema. Nilifurahi, Gladys. Tangu tuletewe habari za Dale sikuwa nimefurahi, na nilifurahi kwa hilo."

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha gari, halikuwaka.

"Langu lilikuwa garini. Nilidhani nakaa kidogo tu, lakini lile kaburi lilikuwa halina kitu, wenzake wote wana maua. Nilipotoka kwenye gari nilijua kuna jua. Nilijua, nikakaa." Kisha akamgeukia mumewe. "Kula, Harlan. Mkate unakauka."

Alipofika mlangoni alinitazama kwa mara ya kwanza. "Shangazi yako anaandika kwa ukali," alisema. "Mwambie asiache kupika." Tukasikia viatu vyake kwenye ngazi hadi chini.

Bi Ness alivaa kofia yake akatoka bila kumaliza kahawa. Bwana Tveit hakugusa kopo. Alikaa akitazama dirisha mpaka saa ya kufunga, nami sikuthubutu kupiga hata herufi moja. Nilipochukua koti langu ndipo aliposema, bila kugeuka:

"Jumatatu uje, Bibi Brekke. Na Jumatatu zinazofuata."

Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilitembea hadi nyumbani nikimwaza yule mama na lile kaburi lisilo na kitu, na watu ambao kuanzia Jumapili watajua kwamba na yeye anajua. Nani atamsemesha? Nani atachota kwake tena?

Leo asubuhi nimetengeneza povu. Liko kwenye rafu ya chini, karibu kuganda. Nataka kumpelekea mchana huu, kabla sijapoteza ujasiri. Hapa mlango wa mbele ni wa wachungaji na wauza vitabu, na wa nyuma ni wa watu wanaojuana, nami sijui mimi ni yupi kwake. Nimemuuliza Bi Hulda niende wapi. Alikuwa anamenya viazi. Nilikwisha kujua atasema popote tu ni pazuri.

Aliweka kisu chini. "Mlango wa nyuma," alisema. "Na usigonge. Ukigonga atakuwa na nafasi ya kutofungua."

Mwanao,
Lorna